Bongoyo au Mbudya? Boti, samaki na maji ya siku hiyo

Mtu akihamia Dar es Salaam kikazi, awe ametoka Nairobi, Lubumbashi au Copenhagen, mwezi wa kwanza humwishia kwenye kibali cha ukaazi, kununua umeme wa luku na kuzoea foleni ya Bagamoyo Road. Mwezi wa pili anaanza kuuliza wenzake Jumamosi huwa wanakwenda wapi. Wengi watamjibu: visiwani. Hapo hawasemi Zanzibar. Wanasema Bongoyo na Mbudya, visiwa viwili visivyo na kijiji vilivyo mbele ya jiji, ambavyo pamoja na Pangavini na Fungu Yasini vimo katika maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975.

Niseme hukumu yangu mapema. Anayekaa Masaki, Msasani au Oysterbay, hana gari, na anataka safari yenye ratiba na tiketi, aende Bongoyo. Mwenye watoto, au anayetaka kuogelea na kula taratibu mpaka jua lishuke, aende Mbudya hata kama barabara ni ndefu zaidi. Kwa alama tano, Bongoyo naipa tatu na nusu, Mbudya nne. Ila alama hizo ni za siku ambayo maji yamekubali. Malalamiko mengi ya wageni wanaorudi wamenuna ni ya kuchagua kisiwa bila kuuliza maji, na kosa hilo halitibiwi na boti nzuri wala samaki mtamu.

Kwa hiyo tuanze na maji. Bahari ya Dar hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa si ndogo: siku za bamvua inapita mita 3, siku za maji mafu inashuka hadi kama mita moja. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huchukua siku chache. Maji mafu huja katikati, mwezi ukiwa nusu. Wavuvi hawahitaji jedwali kwa hili, na wewe ukishika kanuni moja hutalihitaji sana: siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: kujaa ni saa nne asubuhi, kupwa ni saa kumi jioni, lakini kwa kuwa ni maji mafu, kupwa kwenyewe si kwa kutisha.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa Jumamosi yako. Jumamosi ya bamvua, boti ya asubuhi inafika kisiwani maji yakiwa yamekimbia. Boti inatia nanga mbali, mnashuka kwenye maji ya magotini mkiwa mmebeba mizigo kichwani, na chini kuna mchanga uliochanganyika na mawe na majani ya bahari. Mzee mwenye magoti mabovu au mama mwenye mtoto mgongoni hapaswi kupelekwa saa hiyo. Lakini anayevumilia hupata zawadi yake, kwa sababu kuanzia saa saba mchana maji yanaingia kwa kasi, safi, kutoka bahari kuu, na saa tisa hadi saa kumi ndiyo saa bora kabisa ya kuogelea. Jumamosi ya maji mafu ni tulivu tangu asubuhi hadi jioni, haina maajabu, na ndiyo ninayompendekezea mwenye familia au mgeni anayekwenda kwa mara ya kwanza. Ukiwa na shaka, mwulize nahodha siku moja kabla. "Shikamoo mzee, kesho maji yanajaa saa ngapi?" Nahodha anayejua kazi atakujibu papo hapo bila kutazama simu. Anayejibu "maji yapo tu, njoo" si wa kumtegemea.

Uangavu wa maji nao unafuata mkondo huohuo. Maji yanapojaa huleta maji ya nje, yanapopwa huvuta tope la ghuba. Mto Mlalakuwa unamwaga kwenye Ghuba ya Msasani, na huko kaskazini kuna Mto Mbezi na Mto Tegeta. Mvua kubwa ikinyesha, mito hiyo hushusha takataka na maji machafu ya jiji, na siku mbili tatu bahari inakuwa kama chai ya maziwa. Usikodi miwani ya kutazama samaki siku hizo. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ni bahati nasibu.

Upepo ni mfupi kuuelezea. Kaskazi, upepo wa kaskazini wa Desemba hadi Machi, huanza asubuhi bahari ikiwa shwari na kuongezeka mchana. Kusi, upepo wa kusini, huvuma kwa nguvu zaidi, hasa Juni hadi Agosti. Rasi ya Msasani inakinga ghuba, kwa hiyo mkiondoka mnaona bahari imelala kama mkeka, kisha mkitoka nje ya kinga ya rasi boti inaanza kuruka. Wakati wa kusi safari ya kwenda ni nyepesi kwa sababu upepo uko mgongoni, na safari ya kurudi ndiyo inayolowesha kila mtu. Weka nguo kavu za kurudia kwenye mfuko usiopitisha maji, usizivae kisiwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani ya Dar, ahirisha. Kisiwa kitakuwepo wiki ijayo.

Sasa huduma zenyewe. Boti za Bongoyo huondoka Slipway, eneo la maduka na hoteli upande wa magharibi wa rasi, na safari ni kama nusu saa. Faida yake kubwa ni mpangilio: kuna mahali pa kukata tiketi, kuna vyoo, kuna kivuli cha kusubiria, na bajaji wako mlangoni. Kasoro yake ni kwamba boti husubiri idadi ya watu. Jumamosi na Jumapili haisumbui, watu wanajaa wenyewe. Jumanne unaweza kukaa pale saa nzima ukitazama meli, kwa hiyo siku za kazi piga simu kwanza au nenda kundi. Fika nusu saa kabla, kwa sababu foleni haiko kwenye boti, iko kwenye malipo.

Malipo yana sehemu mbili na wageni wengi huzichanganya: nauli ya boti, na ada ya kuingia eneo tengefu ambayo ni ya serikali na hulipwa kwa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Uliza wazi kama bei uliyotajiwa imejumuisha zote mbili. Raia na mgeni hawalipi sawa, na tofauti si ya kupuuza, kwa hiyo mgeni anayeishi nchini abebe kibali chake cha ukaazi na akionyeshe kabla namba haijatolewa. Namba ikishatoka kwa kiwango cha mtalii, kuibadilisha ni kuanza upya, na boti haisubiri. Risiti itunze mpaka mrudi, maana mhifadhi anaweza kuitaka kisiwani.

Kwa Mbudya unakwenda kaskazini. Daladala la Tegeta linakushusha Africana ukitaka boti za hoteli za upande wa Jangwani Beach, au Mtongani ukitaka Kunduchi. Kutoka hapo bajaji au bodaboda hadi ufukweni. Bahari ya kuvuka ni fupi, dakika 15 hadi 20. Boti ni za faiba zenye mashine moja nyuma, na utaratibu ni wa kuelewana zaidi kuliko wa ratiba. Uhuru huo ni mzuri kwa mwenye kujua kupatana na unamtesa asiyejua. Patana mambo manne kabla ya kupanda: bei ya kwenda na kurudi kwa kila mtu au kwa boti nzima, saa ya kurudi, nani anayekuja kuwachukua, na ada ya hifadhi inalipwa wapi. Lipa nusu mkishuka kisiwani na nusu mkirudi bara, na chukua namba ya simu ya nahodha mwenyewe, si ya kijana aliyewapokea ufukweni. Boti nyingi zinazochelewa jioni hazichelewi kwa dharau. Kijana amechukua oda ya watu wengi kuliko boti moja inavyoweza, na walioelewana naye kwa maneno tu huwa wa mwisho.

Kwenye visiwa vyote viwili, kabla boti haijasukumwa, hesabu vichwa na hesabu majaketi ya kujiokolea. Idadi zilingane. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka minne ni hatari, kwa sababu akianguka linapanda usoni yeye anateleza chini. Hakikisha lake lina mkanda unaopita katikati ya miguu. Angalia kama kuna dumu la akiba la mafuta na kasia. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka. Hakuna adabu inayokulazimisha kubaki.

Ukifika, kila kisiwa kina tabia yake. Bongoyo ina ufukwe mkuu kwenye ncha ya kaskazini magharibi, vibanda vya makuti, na njia za kutembea ndani ya msitu mfupi wa mwamba zinazopita kwenye mibuyu na magofu ya enzi ya Wajerumani. Kwa njia hizo vaa viatu vilivyofunga, si ndala, kwa sababu mwamba wa matumbawe ni mkali kama wembe na kidonda chake hupona polepole. Mbudya ina ufukwe mrefu zaidi upande wa magharibi, mivinje ya kutosha kwa kivuli cha kweli, na mchanga laini watoto wanaweza kuchimba siku nzima. Kivuli cha makuti Bongoyo huisha mapema siku za wikiendi. Ukifika na boti ya pili tayari kila kibanda kina taulo la mtu, na jua la saa sita juu ya mchanga mweupe si la kujaribiwa. Kwa hilo peke yake Mbudya imeizidi Bongoyo nusu alama.

Chakula ndicho kinachowagawa watu, na wengi hulaumu mpishi pasipo haki. Mambo ni haya. Mnaposhuka tu, kabla ya kutandika mkeka, mmoja wenu aende kuagiza. Jiko ni moja, makaa ni ya kiasi, na watu 60 wameshuka kwa wakati mmoja. Changu wa kilo moja, anayetosha watu wawili, anahitaji dakika 35 hadi 45 juu ya makaa, na mbele yako kuna samaki wengine kumi. Ndiyo maana anayeagiza saa saba akiwa na njaa hula saa tisa na nusu, na boti ya mwisho imekaribia. Agiza saa nne na nusu, sema mtakula saa saba kamili, na sema pia chipsi zikaangwe samaki akishageuzwa upande wa pili. Usipolisema hili chipsi zitakuja kwanza, zipoe, na kulainika kama viazi vya juzi.

Omba kuonyeshwa samaki wako kwenye deli la barafu. Ni haki yako na hakuna anayechukia. Fungua matamvua kwa kidole: yawe mekundu ya damu, si ya kahawia wala kijivu. Jicho liwe limetuna na kung'aa, si limezama. Bonyeza nyama ya mgongo, irudi juu yenyewe. Kisha patana bei ya samaki huyohuyo, pamoja na chipsi na kachumbari, kabla hajawekwa motoni. Ugomvi wa bili kisiwani karibu wote unatokana na kupatana "samaki" bila kusema samaki yupi.

Namna nzuri ya kumchoma mnaijua: anachanjwa mara tatu kila upande hadi kufika mfupa, anapakwa kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na ndimu, anaachwa anyonye, kisha anawekwa juu ya makaa yaliyokwisha kushika majivu meupe, na kugeuzwa mara moja tu. Jikoni wakizidiwa na watu, wanachochea moto. Ngozi inaungua haraka, samaki anaonekana ameiva, na ndani karibu na uti bado ni mwekundu. Kabla ya kugawana, ingiza uma nyuma ya kichwa, pale nyama ilipo nene. Ikiachana na mfupa na kuwa nyeupe, kuleni. Iking'ang'ania, mrudisheni kwa dakika kumi kwenye makaa ya pembeni, kwa upole, na mtu atamrudisha jikoni bila neno. Ngisi ni salama zaidi kwa wenye haraka, dakika chache tu, lakini akizidishwa anakuwa mpira. Pweza mwulize mpishi kama amechemshwa kwanza. Asiyechemshwa wala kupigwapigwa hatafuniki.

Maji ya kunywa huletwa kwa boti, kwa hiyo bei ni juu ya ile ya dukani. Si wizi, ni usafiri. Bebeni lita mbili kwa kila mtu mzima. Barafu huisha mchana, kwa hiyo anayetaka kinywaji baridi alasiri aje na boksi lake. Pesa ya simu inapokelewa, lakini mtandao ukilegea noti ndogo ndizo zitakazokutoa. Vitu vibebwe kwenye kikapu, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na mhifadhi ana haki ya kukuuliza. Ganda la chaza, kipande cha tumbawe, konokono mzuri, vyote vinabaki palepale. Ni eneo tengefu, na matumbawe ya pwani hii yameteswa vya kutosha na baruti za wavuvi haramu.

Kuhusu kutazama samaki chini ya maji, punguza matarajio kama umezoea visiwa vya Mafia au Mnemba. Kuna samaki wa rangi, kuna matumbawe hai vipande vipande, na katikati kuna uwanja wa vifusi. Saa nzuri ni moja au mbili kabla ya maji kujaa. Miwani ya kukodi huvuja, na sababu mara nyingi ni nywele au ndevu zilizonaswa chini ya ukingo wa mpira. Ijaribu ukiwa nchi kavu: iweke usoni bila kupitisha mkanda kichwani, vuta hewa kwa pua, ondoa mkono. Ikibaki usoni, ni yako. Ikianguka, omba nyingine. Isipate ukungu, paka mate ndani ya kioo, suuza mara moja, vaa.

Hatari ni mbili zaidi ya jua. Ya kwanza ni wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu wanaokaa kwenye mawe. Mwiba huingia na kukatika humo humo ndani. Usichokoe kwa sindano. Toa kwa kibano ile iliyojitokeza, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa nusu saa au zaidi, na jikoni watakupa ukiomba. Viatu vya mpira vya kuogelea navyo huzuia karibu ajali zote za namna hii. Ya pili ni konyeza, wale viumbe laini wanaoelea na kuchoma ngozi, ambao wengine huwaita yavuyavu. Akikuchoma, suuza kwa maji ya bahari, si maji baridi ya kunywa, na usisugue kwa mchanga. Mtu akianza kupumua kwa shida, boti iondoke saa hiyohiyo.

Bahari ikikataa kabisa, mgeni hajapoteza Jumamosi. Kijiji cha Makumbusho kiko Bagamoyo Road, vinyago viko Mwenge, na kwa anayeweza kuamka alfajiri, soko la samaki la Feri lina mengi ya kuona kuliko kisiwa chochote. Wale walio Kunduchi wanaweza kwenda kuona magofu ya msikiti na makaburi ya kale yaliyopambwa kwa sahani za Kichina, karibu kabisa na fukwe za boti. Mchukue mwongozaji.

Jioni, usisubiri boti ya mwisho ikiwa una mtoto au umri umekwenda. Wote waliobaki kisiwani huikimbilia hiyo, na kupanda kwake ni kwa kubanana. Boti moja kabla yake huwa nusu tupu. Kwa wa Mbudya, siku ya Jumapili, kurudi saa tisa na nusu badala ya saa kumi na moja kunakupitisha Mwenge kabla foleni haijafunga. Kaeni upande wa nyuma wa boti, karibu na mashine, ambako mruko ni mdogo na maji ya mawimbi hayafiki kirahisi, na simu zote ziwe ndani ya mfuko uliofungwa kabla nahodha hajavuta nanga.